Stelingi Anapokufa

Kila aliyekulia mwambao huu, awe wa Tanga mjini, Pangani, Kipumbwi au huku kwetu Mkwaja, aliisikia kanuni hii kabla hajajua kusoma: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na jiwe shingoni, lakini wewe tulia, dakika kumi za mwisho utamwona anarudi na shati lake lilelile. Anayekufa ni adui. Na pengine yule rafiki wa stelingi ambaye muda mfupi kabla alitoa mfukoni picha ya mchumba wake akaibusu. Huyo ukimwona tu ujue amekwisha.

Basi nataka kuuliza, ndugu msomaji, kanuni hii ina ndugu gani? Maana iko nyingine inayofanana nayo, na hiyo ndiyo inayoniuma: kwa nini katika picha zetu za huzuni, zile nzito ambazo ukitoka hapo huna hata hamu ya kula, anayekufa lazima awe ametenda kosa? Swali hili si la mchezo kwangu. Naandika riwaya. Nilipomaliza nakala ya kwanza niliipeleka kwa mhariri mmoja, jina lake naliacha, naye akanirudishia ikiwa na mstari mwekundu kwenye sura ya kumi na mbili. Katika sura hiyo nahodha wangu, kijana mpole anayevusha abiria kutoka Kipumbwi kwenda Mkokotoni kule Unguja, anazama na chombo chake. Mhariri aliandika pembeni: "Kwa nini afe? Alikosa nini? Mfanye mlevi, ili msomaji apate funzo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafuta asili ya jambo hili, katika vitabu vya kuazima, kwenye simu, na kwa wazee wanaokumbuka.

Wengi wetu tunadhani picha za kuhuzunisha zililetwa na Wanigeria na kanda zao za video. La hasha. Asili yake iko karibu mno, katika mkoa wetu huuhuu. Ukitoka Muheza ukashika njia ya Korogwe utaiona milima ya Usambara upande wa kulia, na huko juu kuna mahali panaitwa Vugiri. Hapo ndipo mwaka 1935 Waingereza wawili, Meja Notcutt na Bwana Latham, walipoanzisha karakana ya senema. Mradi wao kwa Kiswahili tunaweza kuuita Jaribio la Senema za Kuelimisha Wabantu. Wazo lilitoka kwa Baraza la Kimataifa la Wamisionari, fedha zikatoka kwa shirika la Carnegie la Marekani, na Taasisi ya Filamu ya Uingereza nayo ikatia mkono. Kwa muda wa miaka miwili hivi walitengeneza picha zipatazo 35. Walioigiza walikuwa Waafrika, sauti ziliwekwa kwenye sahani za santuri, kisha lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Fikiria, bwana! Wakati miji mikubwa inatazama picha za kutoka ng'ambo, Usambara inatengeneza za kwake.

Za kwake? Hapo ndipo penye kasheshe. Picha hizo zilihusu kodi, kilimo, mifugo, kuweka akiba posta, na maradhi. Mojawapo, ya mwaka 1936, ilihusu minyoo ya safura. Sisemi kwamba safura ilikuwa uongo; safura ilikausha watu damu na choo kikawa dawa, hilo halina ubishi. Lakini tazama jinsi hadithi za namna ile zinavyofumwa. Kuna mjinga na kuna mwerevu. Mwerevu amesikia alichoambiwa na bwana mkubwa, amestawi. Mjinga hakusikia: fedha zake kazifukia nyumbani badala ya kuzipeleka posta, mwizi kazichukua. Analia. Na wewe mtazamaji unatakiwa kumwangalia anavyolia na kusema moyoni, kayataka mwenyewe. Kwa hiyo machozi ya kwanza ya senema yetu ya nyumbani yalikuwa machozi ya mtu asiyesikia. Mwaka 1937 serikali za makoloni zilikataa kutoa fedha za kuuendeleza, mradi ukafa. Mtindo haukufa.

Ulirudi mwanzoni mwa miaka ya 1950 katika picha kama Muhogo Mchungu, ya 1952, ambamo mshamba anaingia Dar es Salaam na wajanja wa mjini wanamfanya wanavyotaka. Aliyeigiza ni Rashidi Mfaume Kawawa, naam, huyuhuyu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Ile ilikuwa ya kuchekesha zaidi, lakini ukiukwangua utani wake unakuta ni Vugiri tena: ungesikia, yasingekukuta.

Sasa, upande mwingine kabisa, kulikuwa na majumba ya senema ya Tanga mjini, Majestic na wenzake, na huko watu wa mwambao walikuwa wakijifunza kulia kwa namna tofauti. Bibi yangu aliishi Tanga akiwa msichana. Kihindi hajui, zaidi ya maneno ya kwenye nyimbo, lakini mpaka leo anaweza kukuhadithia Mother India, ya 1957, kama habari iliyotokea Chumbageni. Mama masikini, Radha, aliyeigizwa na Nargis, ameachwa na mume, amelima kwa mikono yake, amekataa kuuza heshima yake kwa mkopeshaji, na mwishoni anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju, kwa sababu kijana amemteka bibi arusi na heshima ya kijiji haiwezi kuachwa ipotee. Nilimuuliza bibi kwa nini alilia. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini bahari ina chumvi.

"Nililia kwa kuwa yule mama hakufanya kosa," akasema. "Mwenye kosa humlilii. Mwenye kosa unasema tu, maskini, unaenda zako."

Ndugu msomaji, katika yote niliyosoma juu ya tamthilia sijaona aliyeliweka jambo hili kwa ufupi hivyo.

Kisha Sholay ya mwaka 1975. Wote tunaijua, hata sisi tuliozaliwa robo karne baadaye. Jai, yaani Amitabh Bachchan, anabaki peke yake darajani kuwazuia majambazi na anakufa mikononi mwa rafiki yake. Stelingi amekufa! Na si kufa tu. Kuna yule mjane kijana anayezima taa kila jioni barazani huku Jai akipuliza kinanda chake cha mdomo ng'ambo ya pili. Hawakuambiana hata neno la mapenzi, na Jai alipokufa mjane anafunga dirisha. Basi. Hakuna hotuba. Wazee wetu waliokuwa wakilipa viingilio na kurudia mara tatu, mara nne, walikubali kufungiwa dirisha lile usoni, wakatoka nje wakaenda kunywa kahawa wakiwa kimya. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba mtazamaji wa Kiswahili hawezi kuvumilia huzuni isiyo na funzo.

Baada ya uhuru tukapata Kampuni ya Filamu Tanzania, mwaka 1968. Ilitoa picha za siasa kama Fimbo ya Mnyonge, ya kuhimiza ujamaa, ambayo naipitia haraka kwa sababu humo hakuna wa kumlilia. Arusi ya Mariamu ya 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ni habari nyingine: fupi, ya mke mgonjwa ambaye hospitali imeshindwa kumponya, na njia ya kwenda kwa mganga wa jadi. Ilipata tuzo kule Ouagadougou. Humo hofu inapewa nafasi yake, haikemewi.

Lakini tamthilia nzito kuliko zote, iliyoingia kila nyumba yenye betri, haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa ya redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha Twende na Wakati, na humo mlikuwa na dereva wa lori anayeitwa Mkwaju. Jamani, Mkwaju! Shangazi ananiambia wakati ule kijana wa Mkwaja akitoka nje ya kijiji ilikuwa taabu, akitaja kwao tu watu wanacheka, "Wewe ndiye Mkwaju wa Mkwaja?" Mkwaju alikuwa na wanawake kila kituo cha barabara, mkewe Tunu akateseka, naye Mkwaju mwishowe akapata UKIMWI akafa. Mchezo ulisukwa kwa ufundi uliotoka Mexico kwa mtu anayeitwa Miguel Sabido: awepo mhusika mbaya wa kuonya, awepo mwema wa kuigwa, na awepo wa katikati anayejifunza. Watafiti waliupima, wakakuta wasikilizaji wengi wamebadili mwenendo, na kama uliokoa maisha ya mtu mmoja mimi ni nani niubeze? Ila nakuomba uangalie kitu kimoja. Miaka ileile ya 1990, vitandani mwa nyumba za makuti za mwambao huu walikuwa wanakufa wanawake wengi ambao hawakuwahi kupanda lori la mtu. Walikuwa wameolewa tu. Huzuni ya mtu kama huyo utaiweka wapi katika mpango wa mbaya, mwema na wa katikati?

Televisheni ilichelewa kwetu. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, na ya rangi. Bara tulisubiri mpaka 1994 vilipofunguliwa vituo vya watu binafsi. ITV ilileta Mambo Hayo, baadaye wakaja Kaole Sanaa Group, na hapo ndipo Waswahili walipoanza kujiona wanalia kwenye kioo: mirathi, mama wa kambo, mume aliyerogwa. Huku vijijini tulitegemea kibanda cha video na jenereta lake. Mimi sikuruhusiwa kuingia, kwa kuwa msichana anayekaa gizani na wavulana atasemwa. Nilikuwa nasimama nyuma ya makuti pamoja na wenzangu, tunasikiliza. Kwa hiyo picha nyingi za utotoni mwangu nazijua kwa masikio. Tulikuwa tunamsikia Lufufu, yule Kapteni Derick Mukandala, anayetafsiri picha za kigeni kwa sauti moja nzito, anawasemea wote, mwanamume, mwanamke na mtoto, na hapohapo anatia maneno yake. Alikuwa bingwa. Lakini niseme ukweli, sauti ya mtafsiri mcheshi juu ya mtu anayekata roho ni kitu cha ajabu. Watu walikuwa wanacheka kwenye vifo. Nami nyuma ya makuti, bila picha ya kunisaidia, sikujua kama nicheke au nifanyeje.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja picha za kutisha, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, mizimu na majini. Wenye elimu walizidharau. Nadhani walikosea, ila hiyo ni mada ya siku nyingine. Kisha ikawa zama ya Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28. Nchi nzima ililia. Stelingi alikuwa amekufa kweli, na hapakuwa na dakika kumi za mwisho.

Nimesema nitafute picha ambayo huzuni yake si adhabu. Mbili nazitaja kwa moyo wote.

Ya kwanza ni Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo mwaka 2001 ilikuwa picha ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo za Oscar. Daktari mwanamke, Mmarekani mweusi, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kumkuta mgonjwa aliyekaa miaka ishirini bila kusema neno. Mgonjwa huyo anaitwa Samehe, na aliyemwigiza ni Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kunyamaza kwake kunatokana na aliyoyaona utotoni. Hakutenda, aliona. Na jina lake, Samehe, kila likitajwa unajiuliza, nani amsamehe nani? Picha yenyewe ina ndoto nyingi mno, wakati mwingine inapotea ndani ya mizimu yake, nami kama mwandishi ningepunguza. Lakini uso wa mama yule, kimya, dakika nzima, unafanya kazi ambayo kurasa zangu kumi haziwezi.

Ya pili ni ya kwetu, wilaya yetu ya Pangani. Shirika la UZIKWASA, ambalo maana yake ni Uzima kwa Sanaa, ndilo lililoitoa, kama lilivyotoa Fimbo ya Baba mwaka 2006. Zote mbili ziliongozwa na Chande Omar. Inaitwa Aisha, ya mwaka 2015. Aisha, aliyeigizwa na Godliver Gordian, ni mwanamke anayejitegemea, anaishi mjini, anarudi kijijini kwao kwa arusi ya mdogo wake. Kuna ngoma, kuna vigelegele, kuna minazi tunayoijua. Katikati ya furaha hiyo anabakwa na vijana wa kijiji. Kinachobaki ni safari ya kudai haki mahali ambapo kila mtu anamjua baba wa mwenzake.

Niliitazama kwenye simu ya shangazi, tuko kama watu wanane barazani, simu imeegemezwa kwenye sinia. Ilipofika pale pabaya shangazi alijifunika ushungi. Kisha kijana mmoja, si mtu mbaya, tumesoma naye, akauliza, "Kwani alikuwa amevaaje?"

Hakuwa anatania. Alikuwa anatafuta kosa. Mtu ameumizwa kwenye picha, basi lazima kuna alichokosea, na yeye kama mtazamaji hodari alikuwa anakitafuta kabla hakijatajwa, jinsi tulivyofundishwa na redio, na maigizo ya ITV, na lori lililoshuka Vugiri mwaka 1935. Shangazi akamjibu bila kumgeukia, "Alikuwa amevaa nguo za arusi ya mdogo wake. Wewe ungevaa nini?" Kijana akanyamaza. Sote tukanyamaza mpaka picha ilipokwisha, na hakuna aliyeomba iwekwe nyingine.

Hapo nikaelewa kwa nini mstari mwekundu wa mhariri ulinikera kiasi kile. Anayezoea kuambiwa kwamba kila aliyeumia kakosa, hata akikutana na aliyeumizwa mlangoni kwake atamkagua kwanza.

Watu wa Siri ya Mtungi, tamthilia ya Bagamoyo iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa 2012, walijua kupiga picha kuliko wengi waliowatangulia; ile studio ya mpigapicha, ule mwanga wa mji mkongwe, we acha tu. Iligharamiwa na msaada wa Wamarekani, na chini ya kila tukio unausikia ujumbe wa afya unavuma, kama jenereta nyuma ya nyumba. Siwalaumu. Senema ni ghali, na mwenye fedha za kutoa mara nyingi ana jambo la kufundisha. Lakini Sembène Ousmane naye alikuwa na jambo la kusema alipotengeneza La Noire de... mwaka 1966, habari ya Diouana, msichana wa Dakar aliyepelekwa Ufaransa kufanya kazi za ndani akageuzwa kama mfungwa. Diouana anajiua. Hakuna anayesema kayataka mwenyewe. Bwana mwenye nyumba anarudi Dakar na vitu vya marehemu, na mtoto mdogo aliyevaa kinyago anamfuata nyumanyuma mtaani mpaka anatokomea. Kosa lipo, tena kubwa, ila liko kwa aliye hai.

Mwaka 2021 Amil Shivji alipeleka Toronto picha yake ya Vuta N'Kuvute, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ya 1999: Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmini aliyeozwa kwa mzee, na Denge anayepigana na mkoloni. Nimeitaja kwa sababu ilianzia kwenye kitabu. Mtu alikaa akaandika mateso ya watu wasio na hatia kwa Kiswahili, wasomaji wakayapokea, na miaka ishirini na ushei baadaye yakawa picha.

Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, mamia ya watu wakafa. Kosa lao walikuwa wamekata tiketi. Mwambao mzima uliomboleza, na sikumbuki kusikia mtu yeyote akiuliza nani kati ya abiria alikuwa mlevi.

Nakala ya tatu ya riwaya yangu nimeianza mwezi uliopita, kwenye daftari la kurasa 200. Sura ya kumi na mbili nimeirefusha. Nahodha anaangalia mawingu, anahesabu abiria, anamrudisha ufukweni mmoja aliyezidi, anang'oa nanga. Hajaonja pombe tangu azaliwe.